Sanamu ya Balot: picha ilitangulia kurudi Kongo

Kwa familia zilizokimbia Djugu na kuishi kambini Kigonze, hapa Bunia, swali la ardhi haliko mbali. Habari hii ya Lusanga, jimbo la Kwilu, magharibi mwa nchi, nayo ni ya ardhi, ingawa inaanza na sanamu ya mti.

Zamani Lusanga iliitwa Leverville. Tangu 1911 kampuni ya Lever ilipewa huko maeneo makubwa ya mawese, na wenyeji wakalazimishwa kukata ngazi. Mwaka 1931 bei ilianguka, kodi ikabaki nzito, na Wapende wakaasi. Afisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi la wakoloni lilijibu kwa kuua mamia ya watu. Wapende wakachonga sanamu ya Balot, ili roho yake ifungwe isiwadhuru.

Mwaka 1972 mtafiti Mmarekani, Herbert Weiss, aliinunua. Tangu 2015 ni mali ya jumba la makumbusho la Virginia, mjini Richmond, Marekani.

Lusanga kuna chama cha wasanii waliotoka katika kazi za mashamba hayo, CATPC, kilichoundwa 2014. Waliomba waazimwe sanamu, hawakufanikiwa. Februari 2022 wakachukua picha zake kwenye tovuti ya jumba hilo, wakazitengenezea NFT. NFT ni kama hati ya mali: inaandikwa katika daftari la intaneti linalotunzwa na kompyuta nyingi, hivyo mtu mmoja hawezi kuifuta kirahisi. Picha yenyewe kila mtu anaweza kuinakili, lakini hati ina mwenyewe. Wasanii waliuza hati hizo ili wanunue tena ardhi ya mababu. Jumba lilipinga, likisema kanuni zake za kutumia picha zimevunjwa.

Lakini habari ilikwisha kuenea. Mwaka 2024 sanamu ililetwa Lusanga kwa mkopo, na watu walioko kwenye maonyesho ya Venice, Italia, waliitazama moja kwa moja kupitia kamera. Maonyesho yalipoisha, ikarudishwa Marekani.

Kwa hiyo intaneti haikuwarudishia Wapende sanamu yao. Iliwapa njia ya kudai mbele ya dunia, na ya kutafuta pesa za udongo wao. Wengi walioko Kigonze wana picha za nyumba na mashamba yao katika simu. Picha haimrudishi mtu nyumbani, lakini inaonyesha palikuwa na nini, na ni vizuri kuitunza.