Jina Lisilo Kwenye Orodha

Historia hupenda tarakimu. Kuhusu meli ya MV Bukoba tunaambiwa hivi: ilitakiwa kubeba abiria 430, na ilizama Ziwa Victoria asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894. Mmoja wao, au pengine wa ziada, alikuwa rafiki yangu.

Tulisoma pamoja Bukoba tangu darasa la kwanza hadi la saba. Jamaa alikuwa na ugonjwa wa kuandika. Mpira ukitangazwa redioni, yeye na daftari lake: kikosi cha Simba, kikosi cha Yanga, nani kafunga, dakika ya ngapi. Hata wachezaji wa akiba ambao hawakugusa mpira aliwaandika. Ukimcheka anakujibu, "Asiyeandikwa hakuwepo, bwana."

Safari ile alipanda daraja la tatu, na mikungu yake ya ndizi ya kwenda kuuza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Daraja la tatu halikuwa nayo. Unakata tiketi, unapanda, basi. Meli ikajaa kupita kiasi, na hakuna aliyeweza kusema imejaa kwa watu wangapi.

Ilipinduka, tumbo likabaki juu ya maji. Ndani walikuwamo watu hai, wakigonga chuma. Likakatwa tundu ili watolewe, lakini hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama kabisa. Rais Benjamin Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa pamoja Igoma, Mwanza, wengine bila kutambuliwa. Mama wa rafiki yangu alikwenda kule na picha ndogo ya mwanawe, akarudi nayo mkononi. Pengine mwenzangu yuko Igoma, pengine bado yuko ziwani.

Jamani, haya siyasemi kwa kulia tu. Kuna wanaoona orodha ya abiria ni karatasi za kusumbuana. Sivyo. Ukiandika jina umehesabu mtu, na ukihesabu watu utajua lini useme, "Meli imetosha, wewe subiri ya kesho." Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, cha kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Wakafa watu 228. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu MV Bukoba, na ufukweni watu wakaulizana swali lile lile: walikuwemo wangapi?

Anayekata tiketi leo kule ziwani na aulize jina, aliandike vizuri, hata la kijana mwenye mkungu mmoja wa ndizi.