Mzigo, Nguvu na Mwinuko wa Makambako

Tulipokuwa shuleni Njombe tulifundishwa kwamba kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Tuliikariri kanuni hiyo kama sala, tukaijibu katika mtihani, kisha tukaisahau.

Mimi niliielewa miaka mingi baadaye, katika stesheni ya Makambako. Treni ilikuwa imechelewa, na abiria mmoja akalalamika kwamba madereva ni wavivu. Mzee mmoja aliyepata kufanya kazi relini akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, umepata kuupanda ule mlima na mabehewa nyuma yako?"

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote ni ile ya Mlimba hadi Makambako. Hapo reli huliacha bonde la Kilombero na kupanda zaidi ya mita 1,000, kwa madaraja na mahandaki. Katika kazi yote ya reli ile, Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha, na wananchi wetu pia.

Vichwa vya kwanza vya treni, vilivyotoka China, vilielemewa na mizigo mizito katika mwinuko huo. Ndipo mwaka 1983 vikaletwa vingine vyenye nguvu zaidi, vya muundo wa General Electric, vilivyoundwa na Krupp ya Ujerumani.

Tuchukue mfano. Treni ina tani 1,000, na reli inapanda mita 1 kwa kila mita 50. Mlima peke yake unairudisha nyuma kwa kani ya nyutoni 200,000 hivi. Kichwa kikivuta kwa nyutoni 240,000, zinabaki 40,000 tu za kuongeza mwendo. Tukiacha msuguano, mchapuko ni 0.04. Ondoa tani 200: mlima sasa unadai nyutoni 160,000, zinabaki 80,000, na mchapuko unafika 0.1. Dereva ni yule yule, na kichwa ni kile kile.

Isaac Newton aliiandika kanuni hii mwaka 1687, akizungumzia badiliko la mwendo. Leonhard Euler, katika karne ya 18, ndiye aliyeiweka karibu na sura tuliyoikariri. Hakuna kati yao aliyeijua Mlimba. Hata hivyo hesabu yao inaifaa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yule abiria aliuona mzigo wa dereva mwepesi kwa sababu hakuuvuta yeye. Tangu siku ile, kabla sijamwita mtu mvivu, najiuliza kwanza amebebeshwa tani ngapi, na mlima wake ni mkali kiasi gani.