Majani Yanayotuliza Tumbo

Katika nyua nyingi za Lubumbashi humea mchaichai. Mtu akishikwa na msokoto wa tumbo, mama huchuma majani, huyachemsha, humpa anywe. Wengine hucheka wakisema: hiyo ni desturi tu ya wazee. Je, ni desturi tu?

Ponda jani hilo mkononi, nawe utanusa mara harufu yake. Harufu hiyo ni mafuta mepesi yarukayo hewani. Mafuta ya namna hiyo yamo pia katika karafuu na minti. Hata Ulaya watu waliyategemea: huko Paris, tangu mwaka 1611, watawa Wakarmeli walitengeneza dawa ya melisa, mmea wenye harufu kama ya limau, na watu waliinywa wapate kutuliza tumbo. Lakini jinsi ilivyotenda kazi, hakuna aliyejua.

Maarifa yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1883 mganga Sydney Ringer wa London alionyesha kwamba moyo wa chura hauwezi kuendelea kupiga pasipo kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika chokaa na maziwa. Mwaka 1904 Mjerumani Rudolf Magnus alitia kipande cha utumbo wa mnyama katika maji ya chumvi yenye vuguvugu, nacho kikaendelea kujikunja na kujinyosha. Tangu hapo iliwezekana kupima dawa juu ya utumbo wenyewe.

Hivyo, mwaka 1991, wataalamu Hills na Aaronson walieleza kazi ya mafuta ya minti. Ukuta wa utumbo una misuli isiyongoja amri yetu. Kila chembe ya msuli ina vilango. Kalsiamu ikiingia, msuli hujikaza. Mafuta huziba vilango hivyo, msuli ukalegea, na maumivu yakatulia. Mchaichai nao umelegeza utumbo wa sungura katika majaribio.

Basi wazee hawakukosea. Lakini tuangalie: msokoto ni ishara, wala si ugonjwa wenyewe. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville hata 1966. Katika miaka ya kwanza, vijana wengi walioletwa kutoka mbali kuchimba shaba walikufa kambini kwa kuhara damu, homa ya matumbo na homa ya mapafu. Kulegeza msuli si kuua vijidudu. Ugonjwa wa namna hiyo hushindwa kwa maji safi, vyoo, chakula chema na matibabu.

Kwa hiyo, ukiona homa, damu chooni, kutapika kusikokoma au tumbo gumu kama ubao, usikae ukichemsha majani: nenda hospitali upesi. Wala usimpe mtoto mafuta yenyewe ya chupani. Ni makali mno, yaweza kumdhuru.

Mwenyezi Mungu ametupa majani, ametupa na akili. Bibi zetu walijua nguvu ya jani. Nasi tujue na mpaka wake.