Kutoka Mtumwa Hata Mtume: Jinsi Vijana wa Kwanza wa Unguja Walivyofundishwa Ufalme wa Mungu

Mwaka wa yubile ni mwaka wa kukumbuka, na kukumbuka si kuhesabu miaka tu, bali ni kuitazama njia tuliyopitishwa. Basi katika kurasa hizi twasimulia jambo moja: jinsi vijana wa kwanza wa Kanisa katika Unguja walivyofundishwa habari za ufalme wa Mungu, na mafundisho hayo yalizaa nini. Maana kila mwalimu ajua ya kuwa neno hili, ufalme, ni jepesi kutamkwa na gumu kufundishwa.

Askofu Tozer na Daktari Steere walifika Unguja mwaka 1864. Misheni yao, Misheni ya Vyuo Vikuu, ilikuwa imejaribu kwanza kufanya kazi katika nchi ya mto Shire, na huko Askofu Mackenzie alikufa kwa homa mwaka 1862. Walipofika kisiwani hawakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Wala wanafunzi wa kwanza hawakuletwa na baba na mama zao. Sultani, Sayyid Majid, aliwapa wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa. Baadaye manowari za Kiingereza zikazidi kukamata majahazi baharini, na watoto wengi wakaletwa kwa Misheni. Wavulana wakawekwa Kiungani, na wasichana wakawekwa Mbweni.

Fikirini, ndugu, watoto hao walikuwa katika hali gani. Mmoja Myao, mwenziwe Mnyasa, wa tatu Mmakua. Kila mmoja na lugha yake, na kila mmoja ametengwa na ukoo wake. Mwaka 1887 Bwana Madan alitoa kitabu kwa Kiingereza, na ndani yake wavulana wa Kiungani walisimulia wenyewe mambo yaliyowapata: vijiji vyao, vita, kukamatwa, kuuzwa kutoka mkono huu hata mkono huu, na safari ndefu ya kushuka pwani. Hawakuwa wazee wa kukumbuka mambo ya zamani. Walikuwa vijana wa shule, na majeraha yao yalikuwa hayajapoa.

Mbele ya watoto kama hao mwalimu akasimama kufundisha habari za Mfalme. Je, walijua nini juu ya wafalme? Wako waliomjua mkuu wa nchi kuwa ndiye aliyepokea nguo na baruti, akatoa watu. Wakajua ya kuwa mwenye nguvu huchukua, na mnyonge huchukuliwa. Tena neno lenyewe tunalomwitia Kristo, yaani Bwana, ndilo neno ambalo mtumwa alimwitia mwenye kumnunua. Mtoto aliyesikia, "Sasa wewe una Bwana mpya," angaliweza kuuliza kwa haki, "Naye amenipata kwa bei gani, na ataniuza lini?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi ya mwalimu. Haikutosha kusema ya kuwa Mungu ni Mfalme. Ilimpasa aonyeshe ni Mfalme wa namna gani: ya kuwa Bwana huyu alitwaa umbo la mtumwa yeye mwenyewe, akawaosha wanafunzi wake miguu, akalipa bei kwa damu yake, wala hakumwuza mtu. Ya kuwa watoto walipozuiwa wasimkaribie alikasirika, akawakumbatia, akasema ufalme ni wa walio kama wao. Kwa mtoto aliyelelewa na wazazi maneno haya ni mazuri; kwa mtoto aliyetolewa katika tumbo la jahazi yalikuwa habari mpya kabisa.

Wala ufalme haukufundishwa kwa maneno peke yake. Askofu Steere alishika sana ya kuwa watu wamsikie Mungu kwa lugha wanayoielewa. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili, na miaka yote aliendelea kufasiri Maandiko. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa, na vijana wenyewe wakafundishwa kazi hiyo. Vijana waliokuwa wameuzwa kama bidhaa sasa walipanga herufi za risasi, moja moja, kwa ajili ya vitabu vya Kanisa. Hivyo walijifunza neno la Mungu kwa masikio na kwa vidole pia. Agano Jipya zima kwa Kiswahili cha Unguja lilitoka mwaka 1883, baada ya Askofu kufa, na Biblia nzima mwaka 1891.

Tena ufalme ulifundishwa kwa mawe. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na masoko ya watumwa yakafungwa. Kiwanja cha soko la Mkunazini kikapatikana kwa Kanisa. Sehemu moja ilinunuliwa na Padre West, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo. Siku ya Krismasi mwaka 1879 kanisa likafunguliwa, na husimuliwa ya kuwa altare yake ipo mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Askofu Steere alikufa mwaka 1882, naye amezikwa nyuma ya altare hiyo. Mwalimu aliyetaka kueleza maana ya kuja kwa ufalme hakuhitaji mfano wa mbali. Aliwachukua watoto mpaka Mkunazini, akawaambia, "Tazameni."

Lakini tusisimulie mazuri tu, maana historia isemayo mazuri tu haimfundishi mtu. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza watu waliokombolewa kurudi bara, nao wakafanya kijiji huko Masasi. Wengi walitumaini ya kuwa hapo patakuwa mji wa Wakristo wenye amani, kama kipande cha ufalme duniani. Mwaka 1882 Wamagwangwara walikuja kwa vita, wakakivunja kijiji, na baadhi ya watu wakachukuliwa mateka tena. Waliokombolewa mara moja wakaonja utumwa mara ya pili! Misheni Padre Maples akaihamishia Newala. Ilikuwa huzuni kubwa, nayo ilifundisha jambo ambalo shule isingaliweza kulifundisha: ufalme wa Mungu si kijiji cha Misheni, wala hauna boma. Kijiji chaweza kuchomwa. Mbegu iliyo moyoni haichomwi.

Na mbegu hiyo ilikuwa imekwisha kuota. Katika wale wavulana 5 wa kwanza alikuwamo John Swedi. Naye mwaka 1879 akafanywa shemasi. Baada yake akatokea Cecil Majaliwa, Myao, aliyekuwa mtumwa utotoni, akalelewa na Misheni. Alifanywa shemasi mwaka 1886, akapelekwa Chitangali, katika nchi ya Wayao upande wa Ruvuma. Mwaka 1890 akapewa ukasisi, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuupata katika Misheni ile. Huko Chitangali alikaa na mkewe Lucy na watoto wao, mbali na Wazungu, akafundisha na kubatiza kwa miaka mingi.

Sikilizeni, walimu, jinsi lugha yetu inavyotusaidia hapa. Mtumwa na mtume ni maneno ya shina moja: kutuma. Mtumwa hutumwa kwa sababu hana hiari; mtume hutumwa kwa sababu anaaminiwa. Kati ya maneno hayo mawili kuna badiliko la herufi chache tu, lakini maisha yote ya Cecil Majaliwa yamo ndani yake. Alishushwa pwani kama mtumwa, akapandishwa bara kama mtume. Ndiyo maana ya kufundisha ufalme: si kumbadilishia mtoto bwana ili akae vilevile chini ya amri, bali kumlea hata aweze kutumwa.

Tena waliofundishwa ufalme walihitaji kujua ya kuwa serikali za dunia si ufalme huo, hata zikiwa za Wakristo. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimewakomboa watoto, na ingalikuwa rahisi kufikiri ya kuwa bendera ile na msalaba ni kitu kimoja. Askofu Frank Weston, aliyekuwa mkuu wa Kiungani kabla ya kuwa Askofu wa Unguja mwaka 1908, hakukubali. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza katika Afrika ya Mashariki ilipotaka wenyeji walazimishwe kufanya kazi, aliandika kijitabu cha kuishtaki mbele ya watu wake mwenyewe, akisema ya kuwa ni utumwa kwa jina lingine. Mfuasi wa ufalme aupima kila utawala kwa kipimo kimoja: wadogo wanatendewaje?

Basi, walimu, historia hii yatuachia nini? Watoto wetu wa leo hawakutolewa katika majahazi, lakini wako wanaomjua mkubwa kuwa ni mtu wa fimbo tu. Wako yatima waliopokewa katika nyumba za watu wakawa watumishi wasio na mshahara. Wako wasioitwa kwa jina ila kwa kelele. Mwalimu akisimama mbele ya mtoto kama huyo na kusema habari za Mfalme wa upendo, huku mkononi ana fimbo na moyoni ana dharau, mtoto atasadiki fimbo. Lakini akimwita kwa jina lake, akamsikiliza habari zake kama walivyosikilizwa vijana wa Kiungani, akampa kazi ya kuaminiwa, mtoto ataanza kufahamu sala anayoisema kila siku, ya kumwomba Baba ufalme wake ufike.

Shule ya Kiungani ilihamishwa kwenda Minaki mwaka 1925, na walimu wale wamelala zamani. Kanisa la Mkunazini lasimama bado. Mkipata nafasi, wapelekeni watoto. Wasimame penye altare, kisha mwaulize kila mmoja kwa jina lake: Je, wewe utatumwa wapi?