Diski ya kuwashia ikae wapi, Mombasa au Garsen?

Wadau, Novemba 2023 Mto Tana ulipofurika, maabara ya shule moja ya Garsen iligoma nami niko Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Kila kompyuta ilikuwa na diski yake. Ningezitengeneza vipi?

Jibu ni la zamani. Mwaka 1985 itifaki ya BOOTP iliiwezesha kompyuta isiyo na diski kuuliza mtandaoni: anwani yangu ni ipi, na faili ya kuniwasha iko wapi? Mwaka 1999 Intel ilitoa PXE 2.1, Apple ikaleta NetBoot, na kwa Linux ikaanza LTSP. Hapo diski ya seva moja ikawasha darasa zima. Ukiirekebisha hiyo, umezirekebisha zote.

Lakini seva isikae Mombasa! Kuwasha mashine moja huweza kuvuta mamia ya megabaiti. Amri za SSH ni kilobaiti chache tu. Maji yalipopungua nilienda mara moja nikaifunga palepale Garsen. Diski iko kule, mkono uko huku.

Onyo: wekeni na seva ya akiba. Moja ikifa, darasa zima linalala.

Wenzangu, nyinyi mnafanyaje?