Jina la Fibi

Katika Warumi 16:1 Mtume Paulo amtaja Fibi wa Kenkrea, bandari ya mashariki ya Korintho. Kwa Kiyunani jina hilo ni Foibe, yaani “mwenye kung’aa”. Wayunani walimwita hivyo bibi mzaa mama wa mungu wao Apollo. Ni jina la kipagani waziwazi, wala hatusomi kwamba Paulo alilibadili. Nasi tumewahi kumkatalia mzazi jina la kikwao siku ya ubatizo, tukisema si la Kikristo! Tena Paulo amwita Fibi diakonos. Biblia yetu yasema “mhudumu”. Lakini neno lilo hilo, katika Wafilipi 1:1, limefasiriwa “mashemasi”.