Pombe, Chuo na Uchungaji: Kutoka Mwambao wa Ziwa hadi Makumira

Katubuka iko kati ya Kigoma na Ujiji, na hali hiyo imegusa mengi katika maisha ya Wakristo wake. Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi tangu enzi za misafara ya karne ya 19. Huko mtu asiyegusa pombe hamshangazi yeyote, na wazee huzungumza barazani kwa kahawa. Kigoma, kwa upande wake, ni mji wa bandari na wa Reli ya Kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, na mji wa stesheni haukosi vilabu. Ukipanda nyanda za Buha, kuelekea Kasulu na Kibondo, pombe ya ndizi na ya mtama ndiyo iliyopokea wageni, ikakamilisha mazungumzo ya mahari na kuwashukuru majirani waliokuja kusaidia kulima.

Mchungaji anayeletwa katika mazingira haya hulazimika kuwa na msimamo. Kwa wachungaji wengi wa Kilutheri nchini, msimamo huo ulijaribiwa kwanza chuoni. Mafunzo ya pamoja ya theolojia yalianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kisha yakahamishiwa Makumira mwaka 1954. Makumira ya siku zile kilikuwa chuo kidogo cha mashambani chini ya Mlima Meru, karibu na Usa River, katikati ya migomba na kahawa. Makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 kuwa KKKT, vijana wa makanisa hayo walikuwa wamekwisha kulala bweni moja na kula chungu kimoja kwa miaka kadhaa. Pengine umoja ulianzia hapo kabla ya kufika mezani kwa viongozi.

Lakini kila mmoja alitoka katika nchi yenye kinywaji chake. Mchaga aliijua mbege ya ndizi na ulezi, Mhaya rubisi, Mnyakyusa kimpumu kinachonywewa kwa mrija, na Mbena ulanzi unaogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Kila kinywaji kilikuwa na adabu zake: nani ameze kwanza, nani apelekewe kibuyu nyumbani, nani asionekane akinywa mbele ya mkwewe. Kijana hakuweza kuyaacha hayo langoni pamoja na mzigo wake.

Tena makanisa yaliyowalea hayakuwa na sauti moja. Kilimanjaro, wamisionari wa Leipzig kama Bruno Gutmann waliuthamini ukoo na ujirani wa Wachaga, na mbege imeendelea kunywewa na Walutheri wengi wa huko bila kuonekana kuwa dhambi yenyewe. Kilichokemewa ni ulevi na tambiko. Bukoba mambo yalikwenda vingine. Uamsho uliotokana na urafiki wa Simeoni Nsibambi wa Uganda na Dkt. Joe Church wa Gahini, Rwanda, waliokutana Kampala mwaka 1929, ulifika huko mwishoni mwa miaka ya 1930. Aliyeokoka aliimba Tukutendereza, akatubu hadharani, akauvunja mtungi. Kwake kurudia kibuyu, hata kwa funda moja, kulikuwa kurudi Misri.

Basi weka watu hao wawili katika chumba kimoja cha bweni. Mmoja atataja Warumi 14 na uhuru wa Mkristo, na kukumbusha kwamba Katharina von Bora, mke wa Luther, alipika bia nyumbani kwao Wittenberg. Mwingine atajibu kwa Waefeso 5, na kwa habari za baba aliyeuza shamba kwa ajili ya kilabu. Hoja ya pili haimo katika vitabu vya theolojia, lakini ndiyo nzito zaidi. Wala si sahihi kusema, kama wengine walivyopenda kusema, kwamba huo ulikuwa ubishi wa vijana. Waliobishana walikuwa ndio watakaoamua kesho nani atengwe na Meza ya Bwana.

Kuna jambo lililosahaulika mara nyingi katika mabishano hayo. Vijijini mpika pombe kwa kawaida ni mwanamke, mara nyingi mjane, na fedha ya debe lake ndiyo ada ya mtoto na, ukweli usemwe, ndiyo sadaka ya Jumapili. Mchungaji kijana aliyekemea pombe bila kuuliza habari za ada alikemea nusu ya jambo. Kuhusu gongo hapakuwa na ubishi mkubwa: sheria ya mwaka 1966 ilikwisha kuipiga marufuku, na madhara yake yalionekana kwa macho.

Mkate na divai vya Meza ya Bwana navyo vilileta swali. Mtu aliyekuwa mlevi, aliyeacha kwa machozi, anapokaribia kikombe, mchungaji anajua vizuri kilichomo ndani yake.

Sharikani, msimamo wa chuoni ulipata umbo la desturi. Katika harusi nyingi mchungaji hubariki chakula, hunywa soda pamoja na wazee wa kanisa, hupiga picha na maharusi, kisha huaga mapema. Kreti za bia huletwa akiisha kufika barabarani.